Makaburi Mawili ya Nyumba ya Mfaransa

Jumatatu, 5 Mei

Sare za shule bado. Vifungo vimeisha, umeme umekatika nilipokaa tu kwenye cherehani. Simu nayo haipoi. Asubuhi shemeji Omari kutoka delta, mchana kaka Athumani kutoka Chumbi. Neno lile lile: makaburi.

Huko delta mto unakula ukingo, na makaburi mawili ya zamani ya ukoo wetu yako pembeni kabisa. Moja la Mfaransa aliyekuwa na shamba la minazi enzi za wakoloni. La pili la mkewe. Mke yupi? Hapo ndipo tulipokwama. Sisi wa Chumbi tunasema Bi Zena. Wa delta wanasema Bi Mwasiti. Kila upande unasema yule mwingine alikuwa mpishi tu.

Mie nimezaliwa kwa Zena, nikaolewa kwa Mwasiti. Kwa hiyo wote wananipigia mimi.

Jumatano, 7 Mei

Shehe wa kule anasema kuhamisha kunafaa, maji yameshakaribia. Ila ukoo ukubaliane kwanza. Hataki kufukua watu wakigombana juu ya kichwa chake. Simlaumu.

Athumani anasema mtu wa delta asiguse jembe. Omari anasema atakayekuja kutoka Chumbi atageuzwa na boti iliyomleta. Wanaume wazima, wana wajukuu.

Salehe, mume wangu, hajiingizi. Nikimuuliza, ananijibu, "Hao ndugu zako." Nusu yao ndugu zake. Nimempakulia wali bila mchuzi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua kubwa huko juu. Omari katuma picha kwenye grupu la ukoo. Ukingo umeporomoka, mnazi umelala majini, na kaburi la kwanza limebakiza ardhi ya upana wa kitanda. Nikadhani sasa watanyamaza. Athumani akaandika kwamba hayo ndiyo malipo ya kumwita mpishi mke wa bwana. Omari akajibu kwa ujumbe wa sauti, matusi mwanzo mwisho.

Nimetoka kwenye grupu. Nikarudishwa. Nimetoka tena.

Leo nawachukia wote.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemfikiria Bibi Somoe. Dada mdogo wa babu yangu, kitinda mimba wa Mfaransa. Yuko Utete kwa mjukuu wake. Katika watoto wa nyumba ile kabaki yeye peke yake. Wa delta hawamtaki kwa kuwa wanamhesabu mtu wa Chumbi. Athumani naye anadai bibi keshachanganyikiwa. Kisa, alikwenda kumuuliza habari za Mfaransa, akafukuzwa.

Nimewaambia wote wawili: kesho Utete, au msinipigie tena maisha.

Jumapili, 11 Mei

Wamekuja. Wakakaa ncha mbili za mkeka, kama wagonjwa wanaoogopa kuambukizana. Bibi kajilaza kitandani. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza tumefuata nini. Athumani akaanza na Mfaransa. Bibi akamkata.

"Mfaransa simjui. Kaondoka mama ana mimba yangu, hakurudi. Kila mkija mwaniuliza huyo huyo."

Omari akauliza, taratibu, basi kaburini kwa Mfaransa kalala nani.

"Zena. Na pembeni yake Mwasiti. Mlitaka wazikwe mbalimbali, na shamba walilima moja?"

Nikamuuliza nani alikuwa mke na nani mpishi.

"Wote kawaoa. Wote wakimpikia. Alipoondoka wakapumzika."

Nikauliza tena, yeye mama yake hasa ni yupi. Akaniangalia kama nimekosa adabu.

"Kanizaa Zena. Kaninyonyesha Mwasiti, Zena yuko bondeni anafukuza ndege kwenye mpunga. Na babu zenu hivyo hivyo. Sisi tukiita mama, anaitika aliye karibu."

Vijiji vilipohamishwa enzi za ujamaa, babu yangu alipelekwa Chumbi, ndugu yake, babu wa akina Omari, akabaki delta, na kila mmoja akaondoka na jina la mama mmoja. Hadithi ya kaburi la Mfaransa sijui kaianzisha nani. Sisi wenyewe, nadhani. Tulimtaka Mzungu awe wetu.

Nina hasira na aibu, sijui ipi zaidi.

Jumatano, 14 Mei

Shehe kaambiwa tumekubaliana, marehemu wamehamishwa leo. Wanawake tulikaa mbali kidogo, nyuma ya migomba. Maji yalisikika yakigonga chini ya ukingo muda wote. Salehe ananiambia waliwakuta wote wawili wamelazwa ubavu wa kulia, wameelekea kibla, bega kwa bega. Omari ndiye aliyempokea Zena. Athumani akampokea Mwasiti. Hakuna aliyewapangia, kila mtu alishika kilichokuwa mbele yake.

Kule kupya wakaanza kubishana yupi alazwe upande wa njia. Hata leo. Nikapiga kelele kutoka migombani, walazwe kama walivyokuwa. Wakawalaza.

Athumani aliteleza akaumia goti. Amelala kwa Omari, hakukuwa na boti ya jioni.

Jumatatu, 19 Mei

Sare zimechukuliwa. Salehe kaleta dagaa.

Omari kapiga jioni. Nikakaa sawa, nikijiandaa kwa ugomvi. Akauliza goti la Athumani limepoaje, maana huko Chumbi simu yake haipatikani. Nikamwambia anatembea, mkewe kaniambia. Akasema vizuri, akanitakia usiku mwema, akakata.

Nimebaki na simu mkononi. Sina wa kumlalamikia.