Fodi la Marehemu Mjomba

Nkowe, Ruangwa
9 Aprili 1953

Kaka yangu mpenzi Bashiri,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, mama naye hajambo ila miguu tu, hofu ni kwako uliyeko kwenye vumbi la mashamba ya karanga. Mama anauliza, lile koti la marehemu mjomba tulilokupa siku ya arobaini linakukaa?

Baada ya salamu, kaka, tumepatwa. Lile gari la Fodi haliwaki. Tangu mjomba afariki halijatoa hata kikohozi. Mume wangu Shaban amezungusha hendeli ya kuliwashia mpaka viganja vimechubuka. Unajua mjomba ndiye aliyemfundisha kuendesha, tangu alipokuwa turniboi wake, msaidizi wa garini, na marehemu alisema gari abaki nalo Shaban. Sasa Mjomba Isihaka, mdogo wake marehemu, anasema ufuta ukikomaa na gari bado limelala, Shaban afunge mzigo arudi kwao Naipingo. Kwetu mwanamume akioa huhamia ukweni, na ukweni wakimchoka hana pa kubishia. Hivi mimi niliolewa na mtu au na gari? Wewe ni fundi, tuambie tufanyeje.

Mdogo wako,
Biasha

Nachingwea
21 Aprili 1953

Mdogo wangu Biasha,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, kazi nyingi. Mwambie mama koti nimelitia sandukuni, sina moyo wa kulivaa. Bado linanukia tumbaku yake.

Kuhusu gari, msihangaike, ni maji ya masika tu yameingia. Tafuteni distributa, kile kikopo cheusi kinachotokwa na nyaya nene. Kabla hujachomoa waya wowote, ufunge uzi: fundo moja waya wa kwanza, mawili wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukizichanganya, moto wa umeme utakwenda kusikotakiwa. Kisha vua kifuniko, kianike juani. Ndani mna vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, ndizo pointi. Zikiwa nyeusi, zisugue polepole kwa msasa laini. Usitie mafuta, nakuomba.

Kaka yako,
Bashiri

Nkowe
3 Mei 1953

Kaka Bashiri,

Salamu nyingi. Sisi wazima wa mwili, vichwa ndivyo vinavyouma.

Tumefanya yote. Nyuzi nilifunga mimi, pointi nikasugua mimi, zinang'aa. Mama alitia mafuta ya nazi kabla sijafika pale uliposema usitie, tukafuta upya. Bado kimya! Katikati ya kile kikopo kuna kijiti cha chuma kimesimama peke yake, kichwa wazi. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa?

Na kuna jambo silielewi. Tulipovua kifuniko Shaban alichungulia, akanitazama, akarudisha kifuniko. Nikamwuliza umeona nini, akanijibu, "Mwulize kaka yako." Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Nikuulize nini, kaka? Mbona nyote wawili mnajua kitu na mimi ndiye niliye gizani?

Biasha wako

Nachingwea
12 Mei 1953

Biasha,

Salaam. Nakuandikia kwa haraka, Linus dereva anapita huko leo.

Kijiti hicho hakikai uchi. Juu yake hukaa rota, kidude cheusi chenye ulimi wa shaba. Hiyo ndiyo inayogawa moto kwa kila plagi. Bila rota mtazungusha hendeli mpaka kiama. Hapa gereji magari ni ya aina nyingine, rota zake hazikubali kwenye Fodi la zamani hivyo.

Rota haidondoki yenyewe. Ameitoa mtu anayelijua gari, na huko Nkowe analijua mmoja tu. Kwa nini ananitajia mimi, nami niko huku? Hata mimi nimechanganyikiwa. Mbaneni Shaban aseme alikoipeleka.

Kaka yako,
Bashiri

Nkowe
31 Mei 1953

Kaka,

Salamu zipo, lakini leo zinatoka kwa shida.

Barua yako ilifika nikiwa shambani. Ilipokelewa na Mjomba Isihaka, akaisoma uani mbele ya watu wote. Shaban akaambiwa toa rota. Akasema hana. Akaambiwa basi umeiuza. Akakunja mkeka wake. Nimelia, nimegombana na kila mtu, hata mama.

Nilimsindikiza mpaka mpakani mwa mashamba. Nikamwambia, kama umeiba niambie mimi mkeo, nitakuja na wewe hivyo hivyo. Ndipo akasema. Kila jioni marehemu alikuwa akiitoa rota na kuitia mfukoni mwa koti, ili mtu asiliwashe gari na kuondoka nalo. Lile koti, kaka! Siku ya arobaini Shaban aliona unakabidhiwa, akajua rota imo ndani. Akangoja urudishe, akizungusha hendeli bure ili mtu asiulize rota iko wapi. Ulipoandika habari za nyuzi na pointi, akadhani unalitaka gari wewe, maana kwetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Nikamwuliza, kwa nini hukusema uani? Akanijibu, "Nisimame ukweni nimwite shemeji yangu mwizi, kwa nguo aliyopewa ya marehemu? Heri niitwe mimi."

Mimi sijui nimwamini nani. Nenda ukafungue sanduku.

Biasha

Nachingwea
9 Juni 1953

Mdogo wangu,

Imo.

Mfuko wa ndani, pamoja na kiberiti chake na vumbi la tumbaku. Wallahi sikujua. Nilikunja koti lile bila kulipapasa, nikaketi juu ya sanduku hilo hilo kukuandikia kwamba mumeo mwizi. Namwona Shaban akiningoja, nami namfundisha kusugua pointi! Aibu imenishika.

Nimempa Linus akuletee. Kijiti kina mkato ubavuni, rota hukaa kwa upande mmoja tu, usilazimishe. Wasomee wote barua hii. Shaban sijui nitamtazamaje.

Bashiri

Nkowe
22 Juni 1953

Kaka Bashiri,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, ufuta umekomaa.

Barua yako niliisoma uani, kwa sauti, mara mbili. Kisha nikaipachika rota, nikarudisha nyaya kwa kufuata mafundo, Linus akazungusha hendeli. Limewaka mara ya kwanza tu. Mama alilia. Mjomba Isihaka alipiga makofi, akasema Alhamdulillahi, sasa atafutwe dereva.

Atafutwe dereva! Nikalizima. Nikavua kifuniko mbele yao, nikaitoa rota, nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu. Nalala nayo. Mjomba ananiita mkaidi, na mimi nimemjibu kwa heshima kwamba njia ya Naipingo anaijua, aende kwa miguu akamwombe mume wangu radhi.

Lakini wewe uko karibu zaidi na Naipingo, kaka. Tangulia. Na uende umelivaa lile koti.

Mdogo wako,
Biasha