Ncha Uliyoinoa Asubuhi Ile

Baba Zaina,

Nina neno la kukuambia, na najua ungecheka kwanza, kisha ungenuna. Nimemdanganya binti yetu. Miaka yote nilimwambia kwamba kalamu zako za chuma, zile za kuchorea majina kwenye shaba na fedha, zilibaki nne. Ile ya tano, nyembamba, ya kuandikia ndani ya pete, nilisema ilipotea wakati wa vita. Haikupotea. Ilikuwa kwenye kopo langu la sindano, imefungwa ndani ya kitambaa chenye mafuta.

Unaikumbuka meza yako pale barazani, hapa mtaani Mikelenge? Kabla ya kugusa pete ya mtu ulikuwa unachovya ncha kwenye pamba yenye mafuta, kisha unaigusisha kwenye ukucha wa dole gumba. Ikiteleza, unarudi kwenye jiwe. Ikikamata, unaguna na kuanza kazi. Siku nyingine ulivuta mkono wangu mimi, nina unga hadi viwiko, ukajaribia kwenye ukucha wangu. Nilikukemea. Sikukuambia kwamba nilikuwa napita karibu na meza yako makusudi.

Vita vilipofika, treni haikuja tena, na mafuta ya cherehani uliyokuwa ukipakia vyuma vyako yakaisha madukani. Pete nani angeagiza? Watu walikuwa wanatafuta chumvi. Ukafunga gunia la mchele kwenye baiskeli, ukasema unakwenda kuwauzia wachimbaji wa machimbo ya Kampene, wiki mbili tu. Zaina alikuwa mgongoni kwangu. Asubuhi ile ulikaa ukainoa ile nyembamba, sijui kwa nini, maana kazi yenyewe haikuwepo. Ukaniachia zote tano.

"Mama Zaina, kila Ijumaa uzipake mafuta. Mafuta njo maisha ya chuma. Nikirudi, nizikute tayari kwa kazi."

Nilizipaka. Mafuta yako hayakupatikana, nikatumia mawese, kama mtu yeyote wa Kindu aliyekosa kitu. Laiti ungekuwepo unizuie. Mawese yaliganda, yakashika vumbi, na chini yake kutu ikala polepole. Nilipopata mafuta ya taa nilizisafisha kwa subira, kama mtu anavyomwosha mtoto macho yenye tongo. Nne zilikuwa zimeliwa ncha. Nyembamba peke yake ilikamata kwenye ukucha. Nililia sana siku ile, kisha nikaificha.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala, nilikuwa na miadi na wewe. Tone moja la mafuta mazuri, kitambaa, ukucha. Kila aliyetoka upande wa Pangi au Kampene nilimuuliza habari zako, wakanipa pole au uvumi. Nilikutamani, Baba Zaina, hadi nikawaonea wivu wajane wenye makaburi ya kutembelea. Mimi nilikuwa na makali yale tu, nawe ulikuwa mtu wa mwisho kuyanoa kwenye jiwe.

Zaina sasa ni mtu mzima. Fundi wa saa wa sokoni alimfundisha kunoa, akazifufua zile nne. Anachora vikombe vya mashindano na vibao vya milango, na anaguna kama wewe, ingawa alipokusikia alikuwa mdogo mno kukumbuka. Miezi mitatu iliyopita wachumba fulani walimletea pete mbili za harusi. Kalamu alizonazo ni nene mno kwa herufi ndogo.

"Mama, ile ya tano iko wapi?"

"Nilikuambiaka, ilipotea."

"Kila Ijumaa unanukaka mafuta ya mashini ya kushona. Na mashini ya kushona iko wapi mu hii nyumba?"

Nikamtolea kopo. Nikamweleza kwamba makali yale ni yako, kwamba yakikata pete hizo itabidi yarudi kwenye jiwe, na jiwe halitabakiza chochote chako. Hakubishana. Alifungua kitambaa, akaigeuza kalamu mwangani.

"Baba akirudi leo, aulize hii chuma ilikata nini miaka yote, utamujibu nini?"

Uliniambia nizitunze kwa ajili ya kazi, na mimi nilikuwa naitunza isifanye kazi.

Nilimwomba kitu kimoja kwanza. Niliishika mwenyewe, nikaweka ncha yako kwenye ukucha wa dole gumba, chini kabisa karibu na nyama, nikasukuma kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ulivyokuwa ukisukuma. Ikakamata, ikaacha mstari. Ndipo nikampa.

Pete zilitoka vizuri, wenyewe walifurahi. Kesho yake nilisikia chuma kikipita kwenye jiwe lako, nikabaki jikoni hadi kiliponyamaza. Sasa mafuta ya Ijumaa ni kazi ya Zaina, na kusema kweli hajui kubana, anayamwaga.

Mimi nimebaki na ule mstari. Unapanda pamoja na ukucha, umefika katikati. Kucha nyingine nimezikata juma hili, huo nimeuacha. Zaina ananicheka, anasema utachana nguo zangu. Mstari ukifika mwisho nitaukata, nakuahidi. Ila usinihimize.

Mimi niliyekuwa nikipita karibu na meza yako,
Mama Zaina