Kwa Urbanus Mutua, Aliyewaonya Kuhusu Daraja la Msituni

Mwaka umeisha, Baba, tangu utoke hapa Kiganjo Jumamosi asubuhi ukisema utarudi kula mchana. Hukurudi. Hasira yetu haijatulia, na hatutajifanya imetulia kwa sababu haya yanasomwa gazetini.

Ulikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Viti vya magurudumu vya nusu ya Thika vilipita mikononi mwako, na chako mwenyewe ulikiunda upya mara nne. Ulipenda chai bila sukari, na kubishana na Simeon kuhusu mpira hadi Mama awafukuze mezani.

Kamati ya ule msitu wa zamani upande wa Ruiru ilipotaka njia ya matembezi ambayo hata mzee au mtu asiyeona angeipita, ilikuita wewe. Ulipita kila mteremko na kiti chako. Palipokuwa pakali uliwaambia wachimbe tena, wakachimba. Siku ya kwanza ulimpeleka Mama. Ulimwambia, "Miaka hamsini na sita nasikia kuna miti mikubwa huku ndani. Leo nimeishika."

Kisha mbao za daraja dogo zikaanza kuoza. Uliandika barua tatu. Katibu wao akakupigia simu, na sote tulimsikia: "Mzee, wacha kutusumbua. Hilo daraja limebeba watu wazito kuliko wewe."

Ile Jumamosi ulikuwa umeenda kulipima, uwaundie la chuma bila malipo. Ubao wa kwanza ulivunjika chini yako, ukaanguka kwenye mawe ya mto.

Walikuja matangani wakasema ulikuwa ukienda mbio. Wewe, mbio. Wiki moja baada ya kukuzika waliweka kibao langoni: viti vya magurudumu haviruhusiwi. Kwenye njia uliyowapimia wewe. "Ni kwa usalama wao," katibu akasema.

Tulienda pale na wateja wako kumi na wawili, kila mmoja kwenye kiti ulichomchomelea. Njau, askari wa lango uliyekuwa ukimletea njugu, alitutazama, akakitazama kibao, akaking'oa. Jumatatu akafutwa kazi, na kibao kikarudishwa. Tukarudi kila Jumamosi, miezi mitano, mvua na jua, hadi walipochoka kutuona. Leo kibao hakipo, Njau yuko kazini, na daraja ni la chuma.

Sasa kamati inataka daraja hilo liitwe kwa jina lako. Tumekataa. Barua zako bado wamezifungia kwenye droo. Wazitoe, wazisome mbele ya watu, na katibu aseme kila moja aliipokea lini. Wakishafanya hivyo, waje nyumbani tuzungumze habari ya jina.

Unakumbukwa na mkeo Ndila, wanao Simeon na Mwende, dada yako Kalunde wa Gatuanyaga, rafiki yako Jasbir wa duka la vyuma, na Njau.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, na wao hatutawaacha wakusahau.