Kitambaa Kitupu cha Fundi Hitimana

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Hitimana Télesphore, na mimi mke wako Domitille bado nina maneno nawe. Majina yetu ya ubatizo serikali iliyaondoa kwenye vitambulisho, lakini hili ni tangazo la kanisani, sitayaficha. Watoto walitaka niandike machache, tena ya upole. Nitajaribu.

Ulikuwa mpole kuliko mimi. Garaji yako ya njia ya Kibati ilijaa magari ya watu na hukumfokea mtu hata siku moja. Ulipofungua injini, ulipanga boliti zote kwenye sinia kuukuu uliyoichukua jikoni kwangu bila ruhusa, ukazihesabu, na wakati wa kufunga ukazihesabu tena. Kisha chuma kibovu ulichokitoa ulikifunga ndani ya kitambaa safi, ukamkabidhi mwenye gari.

"Aone mwenyewe," ulisema. "Mutu asiamini kinywa tu."

Kwa hilo nilikupenda, maana mimi pia siamini kinywa cha mtu. Ulizoea kunitania kwamba naweza kumshuku ng'ombe kwa sababu maziwa yake ni meupe mno.

Daktari Nshobole, mpasuaji aliyeleta gari lake kwako, mlikaa naye kwenye benchi mkibishana kazi ya nani ni ngumu.

"Wewe ukikosa piesi unaagiza Kampala," alisema. "Mimi niagize wapi?"

"Lakini mimi narudisha ile ya zamani," ukamjibu. "Wewe unapasua mutu, anaamuka na mushono tu. Atajuaje kama ulitoa kitu?"

Alicheka sana. Mimi niliyeleta chai sikucheka. Niliona umesema kweli tupu, na tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia mikono.

Tumbo lilipokulemea, ukaenda kupasuliwa na huyo huyo. Asubuhi ile ulitia mfukoni kitambaa kipya cha garaji. Nikadhani ni cha kufutia jasho. Ulipoamka, Daktari aliingia, akakuwekea kitambaa hicho mkononi, kimekunjwa vizuri. Mkatazamana. Mimi nikakinyakua, nikakikung'uta. Hakikuwa na kitu.

"Dokta, iko wapi ile kitu ulitoa?"

"Mama, muulize muzee."

Nawe, huwezi hata kukaa, ukatabasamu. "Domitille, acha. Dokta amefanya kazi muzuri. Boliti zote zimerudi."

Nikasema moyoni: hawa wawili wanafichiana. Nikaenda nyumbani na kitambaa, nikakitundika kwenye msumari, kiwe ushahidi.

Ulipopata nguvu kidogo ukaanza kutoka kila asubuhi na mfuko mgongoni. Nisamehe, nilifikiri kuna mwanamke mtaa wa Himbi. Nilimtuma Léoncie, dada yako, akufuate. Alirudi akicheka: ulikuwa unawapelekea watu vyuma vyao vya zamani ambavyo hawakuja kuvichukua. Nilifurahi, nikakupikia sombe ya majani ya muhogo na samaki. Kisha ukanipeleka Masisi kwa mama yako, ukakaa miguuni pake siku mbili nzima. Hata hapo sikuona kitu, mimi ninayejidai kuona kila kitu.

Wiki ya sita ukaondoka.

Kwenye matanga Daktari alininyooshea mkono, nami nikaficha wangu ndani ya kitenge. Nikawaambia wanawake wa bombani, nyuma ya kambi ya Katindo, kwamba yule hakutoa kitu, au alitoa asichotaka tukione. Jirani yetu Pascasie, aliyekuwa apasuliwe uvimbe wa shingo, aliniamini. Hakwenda. Uvimbe umekua mwaka mzima, sasa hata ugali unampita kwa shida.

Juma lililopita Mushagalusa, yule anayebeba kabichi kwa kamioneti, alikuja kuuliza saa ya misa. Akaona kitambaa msumarini. Akavua kofia.

"Mama, hata mimi alinipatia ya vile."

"Ya vile namna gani?"

"Kitambaa bila kitu ndani. Alifungua moteri ya kamioneti yangu ya kwanza, akakuta imekwisha. Hakutaka kunidanganya na piesi mupya. Alifunga boliti zote, akanipatia kitambaa, hakusema neno mbele ya watu. Sisi wenye magari tunajua. Hata dokta anajua, gari yake ya zamani ilikufia mule."

Nilikaa chini, Télesphore. Kumbe Daktari alikufungua, akakuta imekwisha kama moteri ile, akafunga. Akakwambia kweli yote mbele ya macho yangu, kwa namna uliyomwomba wewe mwenyewe ulipokwenda na kitambaa. Nikakikung'uta kitambaa na bado sikuelewa. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikitafuta hospitali. Aliyenificha ukweli ni wewe.

Nimekukasirikia. Wenye kamioneti uliwaambia ukweli wa moteri zao, mimi mkeo ukaniacha nipike sombe na kuimba. Lakini nikikumbuka zile wiki sita, sikumbuki siku hata moja niliyolia. Najua kwa nini ulifanya vile.

Kitambaa nimekifua. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo nimefunga ndani jibini ya Masisi aliyoleta mama yako. Leo baada ya misa nampelekea Daktari Nshobole, na huu mkono nilioficha nitampa. Pascasie tunakwenda naye. Anaogopa, nami ndiye niliyemtia woga, basi nitamngoja mlangoni mpaka atoke.

Wanaokukumbuka ni mama yako Thérèse, dada yako Léoncie, watoto wako Rémy na Marie-Claire, wenye magari wote wa njia ya Kibati, na mimi Domitille. Daima tutakukumbuka, na siku nitakayofika huko usinipe kitambaa. Useme kwa kinywa chako.