Oyaro, Meja Hauzwi

Mwaka umezunguka, Oyaro, tangu malaria ikuchukue hapa Sosiot katikati ya msimu wa kulima, ukaacha plau shambani na koti lako juu ya ua.

Mama yako Kemuma ameniambia mimi, rafiki yako Weldon, niandike kwa niaba ya wote. Anasema tangu darasa la kwanza mdomo wangu haujapumzika, basi leo ufanye kazi ya maana.

Tunakumbuka wema wako. Ulikuwa na dume mmoja wa kulimia, Meja, na kwetu tulikuwa na mmoja. Hakuna ambaye angevuta plau peke yake, kwa hiyo tukawafunga nira moja, tukalima mashamba ya nyumba zote mbili, na ya mjane yeyote aliyeomba, bure. Wetu ulimbatiza Waziri, kwa sababu alikula sana na kuvuta kidogo. Baba yangu hajakusamehe.

Meja ulimfundisha kwa Kikisii. Waziri alijua Kipsigis tu. Basi wewe ukimpigia wako kelele huku, mimi wangu huku, na wapita njia wakidhani tunagombana. Hata mwaka ule watu wa kwenu na wa kwetu walipogombana kweli, sisi tuliwapigia kelele ng'ombe tu.

Baada ya mazishi Meja alikataa kusonga. Nilimwita kwa Kipsigis, kwa Kiswahili, hata kwa Kiingereza cha kidato cha nne. Alinitazama vile mwalimu wa hesabu alivyokuwa akinitazama. Habari zikafika Soin, na mnunuzi wa ng'ombe akaja na kamba mkononi.

"Mama, dume bila mwenyewe ni nyama tu."

"Mwenyewe ni huyu," mama yako akamjibu, akininyooshea kidole.

"Huyu? Ng'ombe hata hamsikii!"

"Atamsikia. Rudi na kamba yako."

Msimu huo Mama alimwita Meja kwa sauti kutoka kwenye majani chai, kikapu mgongoni, nami nikashika plau. Mwaka huu anasema koo lake limestaafu. Mkeo Esnah amekuwa akinifundisha jioni akikamua. "Shemeji, hapo umemwambia asimame," ananiambia. Na kweli, Meja amesimama.

Kimebaki kile kipande cha chini, ulichoacha nusu. Mnunuzi ametuma salamu kwamba atakuja kutazama. Karibu sana, aje na kiti. Jumamosi, tukishaomba kaburini, nitafunga nira na kumwita Meja mimi mwenyewe, kwa lugha yako, Mama akiwa ameketi. Akikataa asubuhi, nitamwita mchana. Akikataa mchana, nitamwita Jumatatu, maana Jumapili hata yeye anapumzika. Lakini hauzwi. Esnah na watoto watapanda mahindi yao kwenye mistari iliyonyooka kama yako. Haya, karibu kunyooka.

Cheka huko uliko, bwana, ila usinisahihishe.

Wanaokukumbuka ni mkeo Esnah na watoto, mama yako Kemuma, dada yako Bonareri, na jamaa yote ya Kiptum: baba, mama Rebeccah, na mimi Weldon.

Kila tutakapofunga nira, Oyaro, tutakukumbuka.