Ndege ya Vipande Sitini na Viwili

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za wanao. Natumaini goti lako limepoa na sasa unapanda ngazi za duka bila kushika ukuta, na kwamba shemeji ameacha ule ukaidi wake wa kuficha dawa chini ya mto. Ningependa kusema na sisi hatujambo, lakini ningekuwa naanza barua kwa uongo. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, karatasi nimeiweka juu ya begi la nepi, na mbele yangu kuna mlango uliofungwa. Bonge, kitindamimba wangu, yuko ndani. Wamemchukua sasa hivi. Muuguzi aliponiona nachubua rangi ya benchi kwa kucha aliniambia nitafute kazi ya kuipa mikono, ndipo nikakumbuka kwamba bado unasubiri neno langu kuhusu ile ndege ya vitofali vya kuchezea.

Uliponiletea lile boksi uliniomba niijaribu na binti yangu Bibi Maswali, kisha nikuandikie ninavyoiona, kwa sababu kabla hujaagiza katoni nzima ulitaka neno la mama mwenye watoto la kubandika pale rafuni. Ukasema nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sitakupaka, dada. Soma mpaka mwisho.

Nianze na mazuri, maana yapo. Boksi ni dogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, na linafunguka bila kisu. Ndani kuna vifuko viwili vya nailoni na karatasi ya maelekezo yenye picha tupu, bila neno hata moja, na hilo nililipenda kwa sababu mtoto wa miaka sita hakunihitaji. Vitofali vinashikana barabara. Mabawa hayalegei hata ukiitikisa, na panga boi la puani linazunguka ukilipuliza. Ni ya bluu na nyeupe, na juu ya mkia kuna taa nyekundu, ndogo kama punje ya hindi, ukiielekeza dirishani inang'aa kama imewashwa. Ubaya wake ni kwamba magurudumu ya nyuma yanachomoka ikitua kwa nguvu, tena rubani hayumo. Bibi Maswali aliniuliza rubani yuko wapi, nikamjibu yuko likizo. Akanishauri nikamwombe bosi wangu na mimi anipe likizo ya rubani.

Ubavuni mwa boksi wameandika vipande sitini na viwili. Ishike hiyo namba, dada, kwa sababu ndiyo iliyonidanganya.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nimetoka zamu ya alfajiri kule dobini, miguu imevimba kama mikate. Watoto walikuwa sakafuni sebuleni, dada mtu akijenga, Bonge akitambaa huku na huku na kijiko chake. Mimi nilitoka nje kuanika nguo. Niliporudi nilimkuta Bonge anakohoa kikohozi ambacho sijawahi kukisikia, kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani, na midomo imebadilika rangi. Nilimgeuza kichwa chini, nikampiga mgongoni kwa kiganja. Akatapika mate kidogo, akalia, kisha akanyamaza na kuomba kijiko chake.

Nikamuuliza Bibi Maswali mtoto ameweka nini mdomoni. Akasema taa. Nikatazama ndege, taa ipo juu ya mkia, nyekundu, inanitazama. Nikamwambia taa hii hapa. Akasema siyo hiyo, ni nyingine. Nikamwambia asinichanganye.

Wewe unajua kazi yangu ilivyo. Miaka minne nahesabu mashuka. Yanaingia kwa idadi na yanatoka kwa idadi, na idadi ikilingana na karatasi hakuna anayekuuliza kitu, unafunga mzigo na kwenda kunywa chai. Basi nikaibomoa ndege ya watu. Nikapanga vitofali kwa makumi juu ya kanga, kama ninavyopanga foronya. Vikawa sitini na viwili. Nikarudia. Sitini na viwili. Moyo wangu ukashuka mahali pake, nikapika chakula cha jioni huku naimba.

Mlango bado umefungwa. Kuna mtu ndani viatu vyake vinalia kila akikanyaga, na kila vikisogea upande huu nasimama.

Jumapili Bonge alianza kupumua na mluzi kwa mbali. Jumatatu nilimpeleka zahanati. Daktari wa pale aliniuliza, tena mara mbili, kama kuna uwezekano amemeza au amepaliwa na kitu kidogo. Nikamwambia hapana, nimehesabu mwenyewe na boksi ninalo. Nilijibu kwa uhakika mpaka yeye akaona aibu kuendelea kuuliza. Akatuandikia dawa ya kikohozi. Ile dawa nimempa siku tatu, kijiko asubuhi na kijiko jioni, na kila kijiko nilijiona mama hodari.

Jana Alhamisi nikaenda kazini, mtoto nimemwacha kwa jirani, ana homa. Mzigo mmoja ulikuwa na ugomvi. Karatasi ilisema mashuka arobaini, mimi nilihesabu arobaini, lakini mwenye mzigo akaja juu kwamba shuka lake moja limepotea. Nikamwonyesha karatasi. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Pasi kwa jinsi anavyokunyoosha, akasogea, akauliza kama siku ile kuna shuka la ziada lililotumbukizwa dakika za mwisho. Yule mtu akasema ndiyo, waliongeza moja, hawakuliandika. Pasi akanigeukia akaniambia, bila ukali, kwamba karatasi inahesabu vilivyoandikwa, haihesabu vilivyoingia.

Dada, nilibaki nimesimama na shuka mkononi. Nilimsikia mwanangu akisema siyo hiyo, ni nyingine. Sikuaga. Nilikimbia na aproni yangu mpaka nyumbani kwa jirani.

Bibi Maswali alikuwa mlangoni. Nilipiga magoti mbele yake nikamuuliza taa zilikuwa ngapi. Akanijibu taratibu, kama anayeogopa kunichanganya tena, kwamba zilikuwa mbili. Alikuwa amepanga vitofali kama vilivyo kwenye picha, ikabaki taa moja isiyo na mahali, akaiweka kwenye kifuniko cha boksi aitunze, ile ya mkiani ikipotea aweke hiyo. Bonge akaichukua. Dada yake alijaribu kumfungua mdomo, akamng'ata. Alinionyesha kidole. Alama ipo mpaka leo, na siku zote hizi sikuwa nimeiona.

Wewe uliyekwisha kufungua maboksi mengi labda unajua kwamba wenye kiwanda huweka kipande kidogo cha akiba ambacho hawakitaji. Mimi sikujua. Kwa hiyo sitini na viwili ilikuwa hesabu ya ndege kamili, na kilichokosekana hakikuwa kwenye hesabu.

Daktari wa hapa amemsikiliza kifuani akasema upande wa kulia chini hewa haipiti. Plastiki haionekani kwenye picha ya eksirei, kwa hiyo watamlaza usingizi na kumpitishia kooni mrija mwembamba wenye taa mpaka kwenye pafu, wakitafute kile kipande. Alinieleza yanayoweza kutokea, nikaweka sahihi. Sikumbuki hata jina langu niliandikaje. Bonge ana miezi kumi, dada. Walipombeba alininyooshea kijiko ili nimshikie. Ninacho hapa, kwenye mfuko wa aproni.

Sasa kuna jambo nililoandika juu huko ambalo si kweli. Sikulifuta, nataka ulione lilivyokaa vizuri. Sikutoka kuanika nguo. Hapakuwa na nguo za kuanika. Nilijilaza pale pale sakafuni, nikawaambia nafumba macho kidogo, nikalala. Sijui ni muda gani. Nilizinduliwa na kile kikohozi. Daktari wa zahanati nilimwambia nilikuwa nimekaa nawatazama. Baba yao nilimwambia nilitoka nje na mtoto nikamwachia dada yake. Ndiyo maana jana, nilipompigia simu kumweleza habari ya ile taa, alirudi mbio akamfokea Bibi Maswali kwamba aliachiwa mtoto akacheza, akaichukua ndege akaiweka juu ya kabati. Nami nilikuwa nimesimama pale, Bonge mgongoni. Yule mtoto alinitazama. Aliniona nimelala, dada, na alijua mimi najua. Akasema ndiyo baba, nilicheza. Nikachukua begi la nepi, nikamleta Bonge hapa.

Naogopa huu mlango, lakini lile jicho alilonitazama nalo jana naliogopa karibu sawa na mlango.

Ngoja.

Nimerudi. Muuguzi alifungua akaita mama yake Bonge, uso wake hausemi kitu. Kisha nikasikia kilio kutoka ndani, kimekwaruza kama mlango wa zamani, lakini ni chake. Wamekipata. Wamenipa kikiwa ndani ya kichupa chenye kifuniko, kipande chekundu, kinang'aa nikikielekeza dirishani. Atabaki hapa siku mbili tatu, maana pafu limechafuka na homa haijaisha. Daktari hajasema mengi. Amesema anapumua pande zote mbili.

Basi maoni yangu kuhusu ndege ni haya, na uyabandike kwa kalamu nene. Ni nzuri na imara, inamfaa mtoto wa miaka sita. Isifunguliwe kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa. Ndani yake mna kipande kimoja zaidi ya hesabu ya boksini. Na mama akiwa amechoka, alale kwanza, ndege baadaye. Usiponiahidi kuyabandika yote manne, dada, usiagize hiyo katoni.

Baba yao yuko njiani anakuja. Nitamwambia kabla hajakaa. Jioni nitakwenda nyumbani kwa saa moja tu, nipande kwenye kiti, niishushe ile ndege kutoka juu ya kabati, nimkabidhi Bibi Maswali mwenyewe mbele ya baba yake, nimwambie nani alikuwa amelala. Ataniuliza maswali, nami nitajibu yote.

Nisalimie shemeji na majirani zako wa dukani. Mwambie shemeji anywe dawa yake. Kichupa nitakuletea, ukiweke karibu na yale maandishi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama wa wanao wawili