Askari wa Sultani ndani ya sufuria

Shoga, niache nicheke kwanza.

Shangazi yake Hafidh katoka soko la Liuhua kununua viatu, kapita kwangu bila taarifa. Kaja kunitazama kabla hawajaleta posa.

Moja kwa moja jikoni, kafunua sufuria ya umeme.

Ile ninayokaushia visanamu ninavyopaka rangi. Rangi ya mafuta na unyevu huu wa Guangzhou, bila joto haikauki.

Alitarajia wali. Kamkuta askari wa Sultani na jambia lake, kamtolea macho.

Kafunika. Kafunua tena.

"Huyu nani?"

"Askari wa Sultani, shangazi. Anakauka."

Nikajua mume nimeshamkosa.

Kavaa miwani, kamtoa taratibu, kamgeuza.

"Kilemba umekikosea. Babu yangu alipomlinda Sultani hakufunga hivi. Kirekebishe kabla hatujaleta posa."